Rekodi Kamili

Kanda ni tatu, ndani ya kopo la maziwa ya unga,
na juu ya kila moja, kwa mwandiko wa Mwalimu Ambakisye
uliolala kama mahindi baada ya upepo:
POSA YA TATU. MCHEZO MZIMA. WAHUSIKA WOTE.
Chini ya "wote" alipiga mstari
mara mbili.

Walirekodi Jumamosi moja ya mwezi wa nne,
ukumbi wa ushirika, Tukuyu,
mwezi ambao mtu mwenye akili harekodi chochote
chini ya bati.
Mvua iliingia kabla ya wimbo wa kwanza
ikakaa kiti cha mbele kama mgeni rasmi.

Kwa hiyo Subilaga anaimba ndani ya mvua.
Baba mkwe, yule Gwamaka wa kiwanda cha chai,
anadai ng'ombe kumi ndani ya mvua,
anakohoa kikohozi ambacho hakimo kwenye mchezo
na watu wanakipigia makofi.
Bwana harusi analeta mifugo ya watu.
Binti anamjibu (ubeti huu naujua
kuliko namba yangu ya simu):

*Ng'ombe hao wa kukopa, nawajua kwa mikia,
wenyewe wakija hapa, utaniposa kwa nia?*

Mama hana ubeti.
Mama alivuta pazia.
Walimpa kamba kwa sababu ya mikono yake,
mikono ya mchuma chai, haiogopi kuchubuka.
Miaka kumi na tisa, na mimi tumboni, mwezi wa tano;
ukihesabu vizuri, basi,
na mimi nimo.

Mwisho wa kanda ya tatu, upande wa pili,
wimbo umekwisha, makofi yanapungua,
kapi linalia kwii, kwii, linakwama,
na sauti inasema, si kwa ukumbi,
kwa mtu aliye ng'ambo ya jukwaa:
"Ngoja. Kamba imenasa."

Basi.
Mashine ya kurekodi ilikuja kwetu mara moja tu.
Iliporudi, yeye hakuwapo.

Pale kanda imekwanguka. Nimeirudisha nyuma kwa penseli
miaka ambayo wenzangu walikuwa wakiolewa.
Ndiyo maana mwezi jana nikapanda nazo Mwanjelwa
kwa kijana Ipyana, mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu,
nikamwambia, zitengeneze, zisije zikafa.

Alikaa nazo siku nne.
Akanivika hedifoni kama anayenivisha kilemba.
"Sikia mwenyewe, mama. Nimeifua."

Na kweli, ameifua.
Subilaga amesimama peke yake mahali pakavu,
kila neno lake limeanuliwa na kukunjwa.
Gwamaka hakohoi.
Bati limenyamaza. Tukuyu, mwezi wa nne,
kumekuwa Dodoma.

Nikangoja mwisho.
Wimbo. Makofi. Halafu ukimya,
ukimya uliopigwa pasi.

"Pale palikuwa na kitu kinalia kama bawaba ya mlango,"
akasema, "na mtu anaongeaongea nyuma.
Nimevitoa vyote."

Nikamlipa. Hakukosea; kazi ni ile niliyoomba.
Nikatembea mpaka kwenye mafungu ya viazi,
nikauliza bei ya viazi nisivyovihitaji,
nikarudi.

Ipyana, mwanangu,
ule uchafu umeuweka wapi?

Akacheka. Akaniangalia. Akaacha kucheka.
Kwenye kompyuta, akasema, alishaufuta, lakini kanda si zipo?
Akafungua kopo, akaipuliza ile ya tatu,
akavuta stuli nikae.
"Unataka nianzie wapi?"

Anza na ya kwanza, nikamwambia.
Anzia kwenye mvua.
Na hicho kikohozi
usikiguse.